Ombi la Kustaafisha Balbu Badala ya Baba

Itetemia, Tabora
14 Juni

Kwako Baba Mkubwa Kasimiri Luhende,
Mwenyekiti wa Kikao cha Familia,
Usinge, Kaliua.

Shikamoo Baba Mkubwa.

YAH: KUOMBA BALBU IJE USINGE, BABA ABAKI

Mimi ni Kabula, mtoto wa mdogo wako Nestory, yule anayesoma kidato cha tatu. Kikao cha Jumapili kiliamua kwamba macho ya baba yamekwisha, karakana yake ifungwe, na mwezi ujao aje huko kulima tumbaku shambani kwako. Sikuweza kusema neno kwa sababu nilikuwa nagawa chai. Naomba nisikilizwe kwa maandishi. Nimeweka namba, kwa kuwa tumefundishwa shuleni kwamba malalamiko yasiyo na namba ni manung'uniko.

1. Karakana ya baba ya useremala ni banda la gari. Gari lenyewe halijanunuliwa, na banda halina dirisha hata moja, kwa kuwa gari huja na madirisha yake. Mlango nao haufunguliwi, maana bibi anaanika mpunga nje na hataki unga wa mbao. Mwanga wote unatoka kwenye balbu moja ya njano inayoning'inia nyuma ya baba. Akiinama kupima, kivuli chake kinawahi kulala juu ya ubao. Baba hukata kivuli, mteja hupewa ubao.

2. Kitanda cha bibi harusi Julieth ndicho kilichomfikisha baba kikaoni. Ni kweli mguu mmoja ulipungua upana wa kidole. Ni kweli pia kwamba upande wa kichwani ni mbao ya mninga na wa miguuni ni mkurungu ulio mwekundu zaidi, na mama mkwe wa Julieth alisema mbele ya watu, "Fundi, hiki kitanda umekivalisha sare ya shule? Shati rangi yake, sketi rangi yake?" Watu walicheka. Tangu siku hiyo baba hajagusa randa. Anakaa barazani anasalimia wapita njia kama mtu anayeaga. Lakini chini ya balbu ile mninga na mkurungu ni ndugu wa tumbo moja. Nimejaribu mwenyewe, nikakosea mara tano kati ya kumi.

3. Ulisema kikaoni kwamba mababu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka Bagamoyo bila taa. Nimelifikiria sana neno hilo. Nimeona kwamba njiani hakuna aliyewadai miguu minne ya kitanda iliyo sawa. Baba naye akiambiwa atembee mpaka Bagamoyo, ataweza.

4. Nilikwenda Kanyenye kwenye duka la vifaa vya umeme la dada Najiat, nikaomba taa ya LED yenye wati nyingi kuliko zote. Akaniambia, "Mdogo wangu, wati ni chakula chake, lumeni, kipimo cha mwanga, ndiyo kazi yake. Kwani wewe unamwajiri mtu kwa sababu anakula sana?" Anashauri tyubu mbili ndefu, nyeupe kama mwanga wa mchana, zenye alama ya rangi halisi ya tisini au zaidi kwenye boksi, ili mninga uonekane mninga. Moja ikae juu ya meza, mbele kidogo ya baba. Nyingine upande wa pili, ili kila moja ifute kivuli cha mwenzake. Kuta zipakwe chokaa. Chokaa nitapaka mimi.

5. Ikiwa sheria ni kwamba asiyeona gizani akalime tumbaku, naomba ifuatwe kwa wote. Bibi alitia chumvi kwenye chai umeme ulipokatika. Katekista alisoma somo la Pasaka siku ya Majivu. Na wewe Baba Mkubwa, kwa heshima zote, Krismasi iliyopita ulisalimia gunia la mchele, ukasubiri marahaba. Usinge itajaa, na tumbaku itakosa pa kupandwa.

6. Kwa hiyo naomba aliyekosa ndiye aje. Balbu ipo tayari. Nimeifunga kwenye gazeti.

Natanguliza shukrani, nikiwa na matumaini kidogo. Msalimie mama mkubwa, na Ngollo, na yule ndama aliyekuwa anaumwa. Bibi anasema mpunga umekauka vizuri.

Mwanao mtiifu,
Kabula Nestory Luhende

N.B. Kabla sijafunga bahasha, dada Najiat ametuazima taa mbili za kujaribia. Tumezifunga leo mchana. Baba ameshika msumeno wa umeme kwa mara ya kwanza tangu ile harusi, na kwa mara ya kwanza sote tumemwona vizuri akikata. Anapima macho wazi. Msumeno ukianza kulia anayafumba yote mawili mpaka ubao uanguke. Nimemuuliza, akasema ni kwa ajili ya vumbi, na kwamba ndivyo ulivyomfundisha wewe. Kwa hiyo macho yake ni mazima kabisa, Baba Mkubwa. Kwenye kukata hayajawahi kutumika. Pale juu nilipoandika taa, naomba usome miwani ya kuzuia vumbi. Jozi mbili, moja ni yako.