Hakuna Kuwasha

"Idara ya Uratibu wa Maumivu inapenda kuutangazia umma kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna mwananchi atakayewashwa."

Tamko hilo lilisomwa na Mkurugenzi mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetangaza uhuru, na sababu yake ilikuwa nzito. Katika zahanati zote kulikuwa na vile vimashine vya umeme mdogo. Unabandikwa viraka vinavyonata pale panapouma, nyaya zinaunganishwa, umeme kidogo unapita kwenye ngozi, na maumivu yanapungua. Watu walivipenda. Tatizo, ambalo jicho la kawaida lisingeliona, lilikuwa lugha. Mtaalamu wa tiba ya viungo akishafungulia umeme humwuliza mgonjwa, "Unawashwa?" na mgonjwa hujibu, "Ee, nawashwa." Ndivyo anavyojua kipimo kimetosha. Basi taarifa zikafika makao makuu kwamba wananchi wanawashwa na mali ya serikali.

Mkurugenzi akaitisha kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikanywa chai, ikabaini kwamba mwananchi anayewashwa leo goti kesho atawashwa ulimi, na hapo ndipo watu huanza kuuliza maswali. Likatoka agizo fupi, lililo wazi kama mchana: Hakuna kuwasha.

Zahanati zilitii. Wagonjwa waliendelea kubandikwa viraka, nyaya ziliendelea kuunganishwa, ila mashine haikuwashwa. Mgonjwa alilala na nyaya zake, akaambiwa pole, akaenda nyumbani na maumivu yake. Malalamiko ya kuwashwa yakaisha kabisa. Mkurugenzi akapigiwa makofi, na minong'ono ikaanza kwamba Waziri anamwandalia cheo cha Katibu Mkuu.

Aliyemtibulia furaha ni dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyemsomesha kwa kushona sare za watoto wa watu. Alifika ofisini bega moja likiwa limeshuka.

"Bonge," alisema, maana kwake hakukuwa na Mkurugenzi, "mkono haupandi. Ile mashine ndiyo iliyokuwa inaniwezesha kushona. Nisiposhona, nitaishije? Waambie waiwashe."

"Dada, sera ni sera. Nikikuwashia wewe, watasema napendelea ndugu."

"Basi washa za wote."

"Hiyo sasa itakuwa huduma, Dada. Siyo sera."

Alimtazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, akaondoka bila kuaga. Mkurugenzi aliona aibu kidogo, akaiahirisha.

Asubuhi ya siku ambayo Waziri angekagua zahanati, Mkurugenzi aliinama kufunga kamba za viatu, mgongo ukalia kacha, ukagoma. Alifika zahanati amekunjika, anasalimiana na magoti ya watu. Cheo kiko njiani kinakuja, na yeye hawezi kusimama wima! Akili ikamjia haraka: angelala kitandani yeye mwenyewe, awe mgonjwa wa mfano. Mashine ifanye kazi yake, yeye ainuke kwa makofi.

Akavuliwa koti na shati, akalazwa kifudifudi. Mtaalamu wa viungo, mama mpole asiye na haraka, alipandisha fulana, akabandika viraka, akaunganisha nyaya, kisha akakunja mikono.

"Mbona bado?" Mkurugenzi alinong'ona.

"Bado nini, mkuu?"

"Sisikii kitu."

"Hongera, mkuu. Ndivyo agizo linavyotaka."

Hapo Waziri akaingia na kamera nyuma yake. "Mkurugenzi, unajisikiaje?"

"Safi kabisa, Mheshimiwa. Maumivu yamekwisha."

"Vizuri sana. Hebu inuka tupige picha."

Mkurugenzi aliinua kichwa, akainua kidole kimoja, akaishia hapo. Jasho likamtoka.

"Niwashe," alimwambia mtaalamu kwa kubana meno.

"Siruhusiwi, mkuu. Labda Mkurugenzi atengue."

"Mkurugenzi si ndiye mimi! Nimetengua! Niwashe! Wawasheni wote!"

Kamera hazikupoteza neno. Waziri alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Ndugu yangu, cheo nilichokuja nacho ni cha kusimamia wizara nzima. Wewe kusimama tu kumekushinda." Akageuka, akaondoka na cheo chake.

Mtaalamu akaanza kubandua viraka.

"Sasa unaondoa nini?"

"Si umetengua, mkuu? Mashine ni moja, na watu wako kwenye foleni. Wa kwanza ni huyu fundi."

Ni dada yake, aliyekuwa amedamka kuja kumlalamikia Waziri. Alikaa, bega likabandikwa, kitufe kikabonyezwa. Baada ya muda mkono ukaanza kupanda, taratibu, mpaka usawa wa sikio, naye akacheka huku machozi yakimtoka.

Kitanda nacho kilihitajika. Wanaume wawili wakambeba Mkurugenzi vilevile alivyo, na fulana yake, wakamlaza kifudifudi kwenye benchi mwisho wa foleni. Mzee mmoja mwenye goti bovu, aliyekuwa amekaa mbele yake, akageuka, akaona mgongo tu.

"Pole, ndugu yangu. Tungekuwa tumeshapona sote. Aliyezizima hizi mashine, Mungu amlaze kifudifudi."

Ombi hilo, kwa mujibu wa taratibu, lilikuwa limeshatekelezwa. Hata hivyo Mkurugenzi aliona si vizuri dua ya mtu mzima ikose mwitikiaji.

"Amina," alisema.