Sensa Tatu na Mama Mkwe

Jumanne, Agosti 5

Bata mzinga mmoja ametoweka! Walikuwa watatu, wa kumchinjia mama mkwe Jumamosi. Anakuja kwetu Sindo, kando ya ziwa, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe Caren. Miaka yote amealikwa, miaka yote amekuwa na sababu. Caren ameipaka sebule rangi upya na haongei kitu kingine. Amesema wazi: nikiiharibu ziara hii, anarudi kwao Rusinga na mama yake. Jirani yangu Javan anadai bata kaliwa na nguchiro. Nguchiro! Hakuna nguchiro anayekaa karibu na ua wangu kama Javan mwenyewe.

Jumatano, Agosti 6

Homa Bay. Nimenunua sensa tatu za nje za kunasa mwendo, king'ora, na kisanduku cha namba ya siri. Muuzaji akauliza kama nafuga kuku au mbwa. Nikamwambia mambo ya boma langu hayamhusu. Akanionyesha aina isiyoshtuliwa na wanyama wadogo. Nikakataa. Nataka kali, inayoshtuka hata nzi akipiga chafya. Akanionya nisizielekeze ziwani wala juani, na nizifunge juu kupita kichwa cha mtu. Kichwa! Tangu lini mwizi wa bata akatembea wima? Nimezifunga usawa wa goti. Ya verandani inatazama ziwa, maana huko ndiko watu wanakotoka.

Alhamisi, Agosti 7

King'ora kimelilia kuku, paka, shati langu kwenye kamba, na mama aliyetuletea dagaa wa omena. Omena zote chini. Javan alikuja kutupa pole, akidhani tumefiwa. Bata waliobaki walitoroka kelele, mmoja akapatikana kwa nani? Kwa Javan! Anasema amekimbilia huko mwenyewe. Naandika hapa kama ushahidi.

Caren aliomba namba ya siri. Nimekataa katakata. Anachojua Caren asubuhi, Pauline mke wa Javan anakijua kabla ya chai ya saa nne.

Ijumaa, Agosti 8

Nimegundua mtambo unaweza kujiwasha wenyewe. Nimeutegesha saa saba mchana kesho. Wageni watafika saa nne, kufikia saa saba watakuwa wameshakula na kuondoka. Siku ya wageni ndiyo siku ya wezi. Caren alisema tuuzime kabisa kwa siku hiyo moja. Wanawake hawajui usalama.

Jumamosi, Agosti 9

Walifika saa saba kasoro. Akina mama sita, vitenge vya kufanana, mama mkwe mbele. Nilifurahi mpaka nikasahau mtambo. Wakaketi sebuleni, chakula kikaletwa, nami nikatoka nje kama mkwe mwenye adabu. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake akila.

Kisha Emma, binti yetu, akapita verandani na jagi la maji. King'ora!

Kisanduku kiko sebuleni, ukutani, juu kabisa ya kiti cha mama mkwe. Naye mkono umo ndani ya ugali. Siwezi kuingia! Nikasimama uani, mlango nimeupa mgongo. Caren akaja mbio. Nikamnong'oneza namba. Hakusikia. Nikarudia. Hakusikia. Kuiandika? Karatasi huokotwa. Na nusu ya mtaa ilikuwa imejaa kwenye ua, Javan mbele yao.

"Baba Emma," Caren akasema, machozi yanamlenga, "taja hiyo namba kwa sauti. Nakuomba."

"Omera, ndugu yangu, sema tu," Javan akadakia. "Mimi naziba masikio."

Akayaziba. Lakini si vizuri, niliona mwanya kwenye kidole cha kushoto. Sikusema. Mwanamume ana msimamo au hana.

Mama mkwe alinyanyuka sahani ikiwa nusu. Akanawa, akatoka, na wale watano nyuma yake. Langoni alimwuliza Caren, kwa upole kabisa, kama nyumba hii humfukuza kila mtu au ni yeye peke yake. Caren alichukua mkoba wake na mkono wa Emma, wakaenda nao.

Jumatatu, Agosti 11

Caren hashiki simu. Wazee wamenipigia simu niende Rusinga na mbuzi, nikaombe msamaha. Javan, kutoka ng'ambo ya ua, amejitolea kunisindikiza. Najua anachotaka: boma libaki tupu! Siendi.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimekula ugali wa jana, nimesimama. Namkosa Caren, nasema wazi, na Emma pia.

Lakini haki isemwe. Tangu Jumamosi hakuna mtu aliyekanyaga hapa. Hata mmoja! Kuku na paka nao wamehama. Sensa kimya, king'ora kimya. Mtambo unafanya kazi barabara, na walionicheka wanyamaze.

Kesho naenda Homa Bay kununua ya nne, nifunge langoni. Kali kuliko hizi. Caren akirudi, nataka nijue kabla hajabisha hodi.