Soli za Mwaka Mzima

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimezungumza na mtu ambaye si mama wala redio!

Tangu tumalize shule wenzangu wametawanyika, na mimi nimebaki na dirisha. Chini ya dirisha hilo hupita kundi la wakimbiaji kila asubuhi. Wa mbele hupita kimya, wamekunja nyuso. Wa nyuma hucheka. Hiyo pumzi ya kuchekea sijui wanaitoa wapi. Nataka kuwa mmoja wao kuliko ninavyotaka matokeo ya mtihani.

Basi nikapiga moyo konde, nikashuka. Kiongozi wao ana filimbi shingoni na kila mtu humwita Mama Filimbi. Nikamwamkia. Mpaka hapo nilikwenda vizuri. Akaniuliza kama nimewahi kukimbia. Nyuma yake nani? Binamu yangu, mtoto wa shangazi! Yumo kundini tangu mwaka jana na hajanidokezea hata siku moja. Akadakia kwamba huyu hukimbia akiona mjusi tu. Wakaangua kicheko. Uso ukaniwaka. Nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba ninakimbia peke yangu, mwaka mzima sasa, alfajiri, kabla watu hawajaamka.

Kwa nini alfajiri? Kwa nini mwaka mzima? Mdomo huu!

Mama Filimbi akafurahi kweli. Nije Jumamosi. Ila kwanza nikapimwe viatu kwenye duka la michezo karibu na posta, maana amechoka kubeba watu walioumia miguu. Na niende na raba zangu za zamani. Yule dada wa dukani huangalia soli zilivyolika, akajua mtu anakanyagaje.

Raba zangu nilizivaa mara mbili, siku za michezo shuleni. Soli zinang'aa kama sahani.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango: soli zizeeke mwaka mzima kabla ya Alhamisi, siku ya kwenda dukani.

Nimeokota jiwe zuri, lenye makwaruzo. Nikakaa kwenye ngazi za nyuma, nikaanza kusugua. Krr, krr. Mama akatoka kuangalia panya gani huyo. Raba nikaikalia, jiwe likabaki mkononi. Nikasema ninasugua ngazi.

Mama nusura alie. Akasema alikuwa akijiuliza mtoto huyu atachangamka lini, kumbe moyo anao. Akaniletea ndoo, brashi na sabuni, akanionyesha ngazi zilizobaki. Mpaka ghorofa ya tatu. Jirani wa juu akafungua mlango kunisifu, akaniletea na zulia lake.

Raba moja imekamilika. Mgongo umekufa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Raba ya pili nimeisugulia bafuni, bomba likiwa wazi ili sauti isisikike. Mama akagonga mlango, akauliza kama tumbo linaniendesha. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi zaidi. Nimeshinda kwa chai ya chumvi.

Usiku huu nimeziweka raba pamoja mezani. Balaa! Zote zimelika upande wa kushoto. Ndivyo mkono wangu unavyosugua. Ukiziangalia utadhani mwenyewe amekimbia mwaka mzima huku akisukumwa na upepo wa upande mmoja.

Hakuna muda wa kusahihisha. Na bomba mama amelifunga kwa nje.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Binamu alinisindikiza dukani. Eti nisipotee. Posta yenyewe inaonekana kutoka jikoni kwetu.

Dada wa dukani ana miwani ambayo haivai, huipandisha tu kichwani. Leo aliivaa. Akazigeuza raba zangu, akazipeleka mlangoni penye mwanga. Kisha akaniita mdogo wake, akauliza kama huwa ninakimbilia mlimani, kwa ubavu. Nikasema ndiyo. Binamu akauliza mlima gani, mji mzima huu bapa kama meza. Nikasema mimi huenda mbali.

Akanisimamisha kwenye ubao wa kupimia. Mguu wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto! Nikaomba radhi kwa niaba yake. Dada akasema karibu watu wote wako hivyo, na kiatu huchaguliwa kwa mguu mkubwa. Akanivalisha jozi moja, akabonyeza mbele kwa dole gumba. Vidole vyangu vilikuwa vimekunjana kama samaki kwenye kopo. Akaleta nyingine. Hiyo kisigino kikachomoka. Ya tatu ikatulia.

Kisha akaniambia nikimbie mpaka kwa kinyozi na kurudi, aone.

Barabarani! Mchana! Kwa kinyozi walikuwa wamejaa mlangoni, mmoja amenyolewa upande mmoja tu. Nikatamani ardhi ipasuke. Lakini nikakumbuka soli. Lazima nikimbie kama zinavyosema. Basi nikakimbia nimelalia kushoto, nikalala, nikalala, nikaingia moja kwa moja kwenye ubao wa bei wa kinyozi. Mwenye nusu kichwa ndiye aliyeniinua. Akasema pole, binti, hata mimi leo si siku yangu.

Binamu alicheka mpaka akaketi chini. Dada akamtuma ndani akatafute soksi. Tulipobaki wawili akanong'ona kwamba raba zangu zimekutana na jiwe, hazijakutana na barabara. Hakunifokea. Akasema hebu nikimbie tena, ninavyojua mwenyewe, yeye ataangalia viatu tu, usoni hataangalia.

Nikakimbia. Na kweli sikuwaza kitu! Viatu vilinishika visigino kama mtu anavyokushika mkono mkivuka barabara. Nilipita kwa kinyozi bila kumgonga mtu. Dada akasema ndiyo mbio zangu hizo, hazina kasoro yoyote.

Akaniambia pia kwamba Mama Filimbi ana makundi mawili. La mbele ni la waliozoea. La nyuma ni la wanaoanza. Wale wanaocheka!

Kumbe ningesema ukweli ningekuwa nimefika. Dada akanishauri niuseme Jumamosi, na viatu nimletee vikishalika, safari hii na barabara. Nimeahidi. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: Shikamoo, mama, nilidanganya, mimi ni mgeni kabisa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nilifika kwenye shikamoo.

Mama Filimbi akapuliza filimbi, akatangaza kwamba huyu ndiye binti wa alfajiri, mwaka mzima bila mtu wa kumsukuma! Wakanipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi. Nikawapungia mkono, nikapangwa kundi la mbele, kando ya binamu.

Posta sikuifikia. Nilikumbatia nguzo ya taa nikiona nyota mchana. Kundi la nyuma likanikuta hapo. Dereva mmoja mstaafu akanipa maji, akasema wao hukimbia mpaka nguzo, hutembea mpaka nguzo, na umbea ni ruhusa kote. Nikaenda nao. Akatueleza jinsi mkewe anavyomficha funguo ili asirudi kulala. Nikacheka! Kwa sauti! Niko nao, ninakimbia, ninacheka.

Mama Filimbi akarudi mbio, ana wasiwasi, akauliza nimepatwa na nini. Saa ya ukweli ndiyo hiyo. Lakini binamu alikuwa nyuma yake, amefunga mikono, ananikata jicho. Mdomo ukasema ni mguu. Jeraha la zamani, la mlimani.

Mama Filimbi akanihurumia sana. Nibaki kundi la nyuma mpaka nipone. Nimepata nilichokitaka! Binamu akauliza mguu upi. Nikasema wa kushoto. Nilikuwa nimeshika wa kulia.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nina furaha. Dereva mstaafu ameniwekea nafasi kando yake kesho.

Jambo moja tu. Mwenye mguu mbovu wa kushoto hukanyaga nao polepole, kwa hiyo kiatu cha kulia lazima kilike zaidi. Binamu ataangalia, namjua. Safari hii nitasugua kidogo kidogo, kama barabara yenyewe inavyofanya, na kwa mikono yote miwili kwa zamu. Kosa langu lilikuwa haraka.

Nimelipata jiwe pale pale ngazini. Mama amenisikia. Ameshaleta ndoo.