Ofisi Haipokei Piii

Karani alifika kijiweni na gazeti kwapani, uso wa mtu aliyebeba hukumu. Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu nje ya banda la Kiraka, fundi baiskeli, na haikupita siku Karani asiwasomee wenzake hapo jambo la kuwaudhi. Alistaafu zamani kazi ya kuandika barua za serikali, lakini serikali ilikuwa haijastaafu kinywani mwake.

Siku hiyo habari ilikuwa ya Ofisi ya Malalamiko. Kuanzia sasa haitapokea barua yenye “milio, vishindo na sauti zisizo rasmi”. Mkubwa wa ofisi alieleza kwamba wananchi wamezidi. Mtu anaandika ukuta wa jirani umeanguka puu, bomba limepasuka pwaa, na ofisa mwenye digrii mbili anabaki kukuna kichwa, hajui hiyo puu ni ukuta wa mita ngapi.

Spika akaweka kikombe cha kahawa chini. Huyu ni muuza mitumba, na jina alipewa kwa sababu akinong’ona husikika mtaa wa pili. Alisema mtoto wa miezi kumi anajua ambacho digrii mbili zimeshindwa kujua. Kitu kidogo huanguka ti, kikubwa huanguka pu. Ukisema ti, mdomo unajibana kama tundu la sindano. Ukisema pu, mashavu yanajaa kama ya mkubwa aliyetoka semina. Mdomo wenyewe ndio rula, sasa mita za nini?

Karani akamjibu kwamba hiyo ni elimu ya benchi. Maneno ni makubaliano tu, hata wakikubaliana kesho kwamba jiwe linaanguka nyororo, litaanguka nyororo na barua itapokelewa.

“Haya mzee, nieleweshe,” Spika akasema. “Mimi nikianguka naanguka pu. Mheshimiwa je, akianguka?”

“Mheshimiwa haanguki. Anapangiwa majukumu mengine.”

Benchi likatikisika kwa vicheko. Hata Deki, msafishaji wa hospitali, ambaye hupita hapo akitoka zamu na kunywa kahawa yake bila kusema neno, alitabasamu kidogo. Kiraka peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia beseni la maji, tyubu mkononi, sikio limekaribia maji kuliko macho. Tundu la msumari hulia sii, la kipande cha chupa hulia fyuu, na yeye hana haja ya kutazama mapovu. Miaka ishirini na mitano amekula kwa sikio.

Akalipata tundu, akaliziba, akajifuta mikono. Kisha akatoa karatasi chini ya boksi la spana na kumrushia Karani mapajani.

Ilikuwa barua ya Kiraka mwenyewe, imerudishwa na Ofisi ya Malalamiko asubuhi hiyo kwa mara ya pili. Wote walijua mkewe alifariki miezi minne iliyopita, wodini, akiwa anapumua kwa mashine ya hewa. Hospitali ilimjibu kwa mistari mitatu: mashine ilifanya kazi wakati wote, wauguzi walitimiza wajibu wao, mgonjwa alizidiwa. Kiraka tangu hapo alikuwa akimlaumu kila mtu, kuanzia nesi mpaka waziri. Alijua amedhulumiwa, ila hakujua amedhulumiwa wapi. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokelewa malalamiko yake, mwisho saa tisa alasiri.

Karani akasoma kwa sauti. “Saa nane mchana mashine ikalia piii, kisha kimya jii. Mke wangu akanishika mkono, halafu akauachia.” Kalamu nyekundu ilikuwa imezungushia piii na jii, na pembeni imeandika: Hivi ni vitu gani? Andika upya kwa lugha rasmi.

Karani akakohoa, akavaa miwani, akaomba kalamu. Ilikuwa kazi yake hii, na mkono wake ulikimbia kwenye karatasi mpya kama punda anayeijua njia ya nyumbani. Alipomaliza akasimama kabisa kusoma:

“Majira ya mchana kifaa husika kilitoa ishara ya kisauti. Baada ya muda mgonjwa alipatwa na hali isiyotarajiwa.”

Spika akasema hali isiyotarajiwa ni kushinda bahati nasibu. Karani akashikilia kwamba barua hiyo itapokelewa dakika hiyohiyo, tena watausifu mwandiko. Kiraka aliitazama karatasi muda mrefu, kama anayetafuta mtu kwenye picha ya harusi ya watu wengine.

“Mke wangu hayumo humu,” akasema.

Ndipo Deki akazungumza, na watu wakageuka, maana sauti yake walikuwa hawaijui vizuri.

“Piii ngapi?”

“Moja. Ndefu. Haikukatika.”

“Haikuwa pi-pi-pi?”

“Nimekwambia moja.”

Deki akaeleza akiwa ameinamia kikombe. Mashine zile anazipigia deki miguuni kila siku, anazijua kama mtu anavyozijua kelele za wanawe. Ikilia pi-pi-pi ya harakaharaka, mpira wa hewa umejikunja. Nesi anaunyoosha, yamekwisha. Ikilia piii moja isiyokoma, umeme umekatika. Mchana ule taa hazikuwa zimewashwa, Kiraka asingejua.

“Na baada ya piii hukusikia gurrr? Dirishani, upande wa nyuma?”

“Nimeandika. Kimya jii.”

“Basi ndiyo hiyo. Jenereta haikuwaka.” Deki akaweka kikombe chini. “Haikuwa na mafuta. Yalifyonzwa asubuhi yakawekwa kwenye gari la mkubwa wa hospitali. Alikuwa na safari ya semina.”

“Semina ya nini?” Karani akauliza, kwa mazoea tu ya kujaza mapengo.

“Huduma bora kwa mgonjwa.”

Safari hii benchi halikutikisika. Spika, kwa mara ya kwanza tangu aitwe Spika, alizungumza kwa sauti ya kawaida. “Kumbe wanajua piii ni nini. Ndiyo maana wameizungushia nyekundu.” Kisha akamgeukia Karani. “Na wewe mzee, kwa mwandiko wako mzuri, shemeji ulikuwa unamuua mara ya pili.”

Karani aliivua miwani, akaikunja ile barua yake safi mara mbili, mara nne, mpaka ikagoma kukunjika.

Lakini Kiraka alikuwa hamsikilizi yeyote kati yao. Spana ilikuwa mkononi na macho yalikuwa kwa Deki. “Miezi minne,” akasema. “Miezi minne unakunywa kahawa mbele ya banda langu.”

“Tuliambiwa atakayesema hana kazi. Nina watoto watano, kaka. Kila nikija nasema leo nitamwambia. Nikimaliza kikombe, naondoka.”

Kiraka akainua spana, na Spika akajisogeza kando. Spana ikaenda kwenye gurudumu lililokuwa linamsubiri, ikakaza nati ambayo ilikuwa imekaza tayari. Akaikaza tena. Mgongo wake ukatikisika kidogo, na wenzake wakatazama barabara mpaka ulipotulia.

“Nitaipeleka ileile,” akasema bila kugeuka. “Wakiikataa nitasimama pale dirishani nilie mwenyewe hiyo piii, mpaka watoke mezani.”

Deki akanyanyuka, akapangusa vumbi kwenye suruali. Wote walidhani anaondoka kama siku zote. Badala yake aliiokota benchini ile barua ya zamani, yenye alama nyekundu, akampa Karani na kuweka kidole chini kabisa palipobaki nafasi.

“Niandike hapa. Shahidi.”

Karani akamuuliza jina. Deki akalitaja, taratibu, jina lake na la baba yake, na hapo benchi zima likagundua kwamba halijawahi kulisikia. Karani aliliandika kwa herufi kubwa, kisha kwa desturi ya ofisi akauliza: “Kazi?”

“Msafishaji wa wodi,” Deki akasema, akitazama saa ya Spika. “Andika haraka, mzee, kabla haijawa uongo.”