Kengele ya Kumrudi Hakimu

Mheshimiwa jaji msimamizi wa mahakama zote za eneo hili, ambaye hatukukualika lakini umefika, mheshimiwa hakimu wa mahakama hii, mwenyeji wetu, waheshimiwa mawakili, wasaidizi wa mawakili, na wanaojiita mawakili, ndugu makarani, askari wa mlangoni, mahabusu wa benchi la nyuma, ambao kwa leo nawahesabu kama wadau, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ilipokosewa, samahani nayo imezingatiwa. (Makofi ya mtu mmoja. Ni dereva wa mzungumzaji.)

Kwa unyenyekevu unaolingana na cheo changu cha Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili ya Vinywa vya Mahakama, ninalo tangazo zito: kitambaa chekundu mnachokiona juu ya meza hii kimepigwa pasi. (Makofi.) Kimepigwa pasi pande zote mbili, jambo ambalo kamati zilizonitangulia hazikuthubutu kulifanya, na chini yake, ndugu zangu, imetulia Kengele ya Adabu, sistimu shirikishi ya kidijitali, ambayo hakimu akitamka neno lisilofaa mbele ya mwananchi, hapohapo inalia, naye anajirudi, anaomba radhi, kesi inaendelea, na taifa linasonga mbele.

Tulianzaje? Tulianza na utafiti, maana mimi si mtu wa kukurupuka. Tuliwauliza mahakimu kama huwa wanawatolea wananchi maneno ya ovyo. Asilimia tisini walisema hapana, na asilimia kumi waliobaki wakatutolea sisi. (Kicheko. Hakimu anatazama saa.) Ndipo kamati ikaenda ziara ya mafunzo katika hoteli moja yenye kengele nzuri sana pale mapokezi, tukaisikiliza kwa wiki mbili, pamoja na wake zetu, ili maoni ya jinsia yasisahaulike. (Mtu wa nyuma anauliza kama watoto nao walitoa maoni.)

Wapo wanaonong'ona vichochoroni kwamba ulimi hauna mfupa, sasa mwenyekiti ataufunga kwa kamba gani. Nawajibu kwamba kengele hii ina akili kuliko wengi wenu, na nasema hivyo kwa upendo. Inaelewa mazingira. Haitalia ikiwa hakimu ana njaa, haitalia ikiwa ametoka nyumbani wamenuniana, haitalia Jumatatu asubuhi, na haitalia iwapo neno lenyewe linaokoa muda, kwa mfano kumwita mtu mwizi kabla ya ushahidi, kwa sababu ushahidi nao una foleni. (Mahabusu wananung'unika. Askari anawaambia watulie, hii ni shughuli ya kiserikali.)

Na chimbuko la mradi huu ni mama yetu wa safu ya mbele. Simama mama, wakuone. Huyu ni mshonaji wa nguo, mshonaji hodari nimeambiwa, ingawa kwa gauni hilo mtu hawezi kujua. (Kicheko kidogo. Mshonaji hacheki. Amesimama, mkoba kifuani.) Mama huyu alifika hapa kudai matunzo ya wanawe wawili kutoka kwa baba yao, na inadaiwa, nasisitiza inadaiwa, kwamba mheshimiwa hakimu alimtolea neno kuhusu umbo lake, watu wakacheka, mama akatoka nje analia, na kwa kuwa mdai hayumo mahakamani, kesi ikafutwa. Akaleta malalamiko kwangu. Nikayashughulikia usiku na mchana, hasa mchana baada ya chakula. Nikamwita karani, akasema wakati ule alikuwa anakohoa. Nikamwita askari, naye alikuwa anafunga kamba za viatu. Wakili wa baba watoto akasema hakumbuki kitu, na akaomba hata hilo asinukuliwe. Hivyo kamati ikajiridhisha kwamba neno lile halikusikiwa na yeyote, na neno lisilosikiwa halikusemwa. Lakini je, tulimwacha mama aondoke mikono mitupu? Hatukumwacha. Tumemletea kengele.

(Mshonaji anasema yeye hakuomba kengele. Aliomba kesi yake irudishwe, mbele ya hakimu mwingine, maana watoto wanakula kila siku na baba yao anapita barabarani anapiga mluzi.)

Nimekusikia mama, nimelipokea, litaingia kwenye mchakato. Kaa. Sasa tufike kwenye kilele cha shughuli, yaani jaribio la hadhara. Mheshimiwa hakimu, kwa heshima na taadhima naomba utamke neno moja lisilofaa, ili wananchi wasikie matunda ya kodi yao. (Hakimu anasema maneno ya namna hiyo hayajui, yeye tangu utoto ni mtu wa upole.) Usione haya, mheshimiwa, ni majaribio tu. Neno lolote. Hata lile linalodaiwa.

(Hakimu anasimama, anaweka tai sawa. "Lile? Lile wala si tusi, ulikuwa utani. Nilimwambia, mwili wote huo, mama, na bado unadai chakula? Sasa hapo kosa liko wapi? Mahakama nzima ilicheka, na aliyecheka kuliko wote ni karani." Karani anaanza kukohoa. Jaji msimamizi anavaa miwani. Kengele hailii.)

Ngriii. Ndugu zangu, ngriii. Hiyo ndiyo sauti yenyewe, ila kwa leo naitoa mimi kwa niaba ya mtambo.

(Mshonaji hajakaa. "Ahsante, mheshimiwa hakimu," anasema taratibu. "Nilikuwa natafuta shahidi." Benchi la nyuma linapiga makofi kwa pingu. Mama wa kantini anapanda jukwaani, anafunua kitambaa, anabeba sufuria yake, anasema watu wanasubiri chai, anashuka.)

Wapinga maendeleo watakwenda kusema wameona sufuria. Mlichokiona, kitaalamu, ni kielelezo cha umbo, na ninyi ni wananchi wa kwanza kukiona. Basi tuimarishe moyo kwa kaulimbiu. Nikisema ulimi, ninyi semeni uchungwe. Ulimi! (Mbele: "Uchungwe." Nyuma: "Ukatwe.") Hakimu! ("Aombe radhi." Hilo halikuwamo kwenye ratiba. Hakimu anatafuta mlango kwa macho. Jaji msimamizi anamwita mwenyekiti, wananong'onezana. Anayenong'ona zaidi ni jaji.)

Kwa kumalizia, naishukuru kamati yangu kwa kuketi vikao vingi bila kuchoka kuketi. Namshukuru mkandarasi, ambaye tutamshukuru zaidi siku tukimpata. Nawashukuru mafundi, mahali popote walipo na fani yoyote waliyo nayo. Na naishukuru kengele yenyewe, ambayo haijaagizwa, haijachorwa, wala hatujakubaliana kama itatumia umeme au kamba, lakini ambayo, kama mlivyojionea kwa macho yenu, imefanya kazi.

Jaji msimamizi ameniagiza niongeze kwamba kesi ya mama itasikilizwa Alhamisi asubuhi, chumba namba mbili, na hakimu ni mwingine. Kuirudisha kumehitaji sahihi moja.