Tukutane Kwenye Sanduku

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Ndugu msomaji, Bwana asifiwe. Uko salama? Nyumbani hawajambo? Na mvua huko kwenu? Siku moja watu watataka kujua namna fundi wa vitanda wa Mulongwe alivyopata kuwa mshauri wa komini, yaani diwani. Sitaki wabahatishe. Ndiyo maana naandika.

Minye niko mzima, kwa neema. Mtaa ndio hauko mzima. Mabomba yamekauka, watu wanachota mtoni, na kipindupindu kimeingia. Kila asubuhi kilio kinatoka nyumba mpya.

Uchaguzi ni Jumapili ya tarehe 17. Namba yangu ni 9. Gratien, shemasi mwenzangu kanisani, muuza dawa, ni namba 3. Ana megafoni. Ana pikipiki zinazozunguka na picha yake, meno yote nje. Minye nina randa na msumeno.

Mke wangu Domitille anasema muuza dawa hawezi kushindwa wakati wa kipindupindu. Nikamjibu kwamba hata seremala hawezi. Akaniangalia vibaya. Wazo likaja hapo hapo!

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mume wa jirani yetu Bernardine amefariki. Mjini mbao hakuna. Barabara ya Luvungi imekatika, malori yamelala huko. Bernardine analia kwamba atamzika mume wake kwenye mkeka. Nikaona mlango wa Mungu umefunguka.

Maana mbao ziko. Ziko darini kwetu: mvule, kavu, nyekundu. Ni za baba yangu, mzee Damien. Alizinunua akiwa bado na nguvu, za sanduku lake mwenyewe la kuzikiwa. Kila jioni, pale kitandani, ananiuliza kama ziko. Namjibu ziko. Niliapa mbele ya mchungaji kwamba atalala ndani ya hizo, si za mwingine.

Lakini baba anakula vizuri. Leo amemaliza kikombe kizima cha uji! Nikishachaguliwa nitamletea nyingine nzuri zaidi, na bawaba za shaba.

Nimezishusha akiwa usingizini. Domitille amekataa kushika upande wa pili.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Sijawahi kutengeneza sanduku zuri kama lile. Kwenye kifuniko niliandika kwa rangi nyeupe: NAMBA 9. TUKUTANE KWENYE SANDUKU. Yaani sanduku la kura! Mtu yeyote anaelewa.

Hakuna aliyeelewa.

Sanduku lilipoingia uani, kilio kilikatika. Shangazi wa marehemu akasoma kwa sauti. Akarudia kusoma. Bernardine akaniuliza, macho makavu kabisa: Baba Irakoze, mume wangu amekwisha kufika huko, weye unataka tumfuate wote? Vijana wakacheka. Kilioni! Gratien akajikoholea ndani ya leso, mabega yakimtikisika.

Nikasimama kueleza kwamba kila mwananchi ana haki ya sanduku lake. Haikusaidia.

Wamegeuza kifuniko, maandishi yakabaki ndani. Marehemu atayasoma hadi parapanda. Ee Bwana, unirehemu.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Watoto wanaimba njiani: tisa, tisa, ingia sanduku! Akina mama wakiniona wanavuka upande wa pili. Nimeomba mikate tisa. Muuzaji amenipa kumi kwa bei ya tisa, ilimradi asiitaje ile namba.

Nimeazima megafoni ya kwaya. Nimezunguka mtaa mzima nikieleza kwamba ninalosema ni sanduku la kura, wala si sanduku la maiti. Betri ilikuwa inakufa na kufufuka. Domitille, aliyekuwa nyumbani, anasema kilichofika ni maneno matatu tu: namba tisa, maiti.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Leo baba hakuuliza. Ameomba kuziona mbao zake kwa macho.

Nilikuwa tayari! Tangu jana nilishaokota mbao za boti bovu kule Kalundu, nikazipandisha darini, nikazifunika mkeka, ncha tu zionekane. Nikambeba mzee hadi chini yake. Akazigonga kwa fimbo. Akanusa. Akasema: Frédéric, hizi zimebeba ndagala. Minye nimevua ziwani maisha yangu yote, weye unanificha samaki?

Nikamwambia ni moshi wa jikoni.

Akaomba nimrudishe kitandani. Jioni hakuuliza tena kama ziko. Afadhali angeuliza. Uji ameuacha.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Kipindupindu kimeingia kwetu. Kimemshika baba tangu jana. Domitille anamnywesha maji ya sukari na chumvi kwa kijiko, hajalala.

Gratien amekuja na chupa za seramu, maji ya kutundika, kwa mguu, bila megafoni. Nikatambua ujanja wake mara moja: majirani walikuwa wanatazama! Nikamwomba azunguke, apitie nyuma ya choo. Domitille akamshika mkono, akampitisha mlango mkubwa.

Baba alinishika kidole. Akauliza nitamzika na nini. Nikasema: baba, utapona. Akasema hilo si jibu la fundi.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Baba amefariki alfajiri.

Nimekimbia kwa kila fundi ninayemjua. Mbao hakuna. Zile za boti zimepasuka kwenye msumari wa kwanza, zimeoza hadi moyoni.

Mchana sanduku likaletwa. Limetoka kwa Gratien. Kumbe na yeye alijiwekea la kampeni! Jeupe, safi, na pembeni, kwa adabu: PUMZIKA SALAMA. NAMBA 3. Watu wakanong'ona: ona, huyu anajua kuandika.

Baba yangu ndani ya namba tatu! Na minye niliapa! Domitille akasema: tulia, Baba Irakoze, tufunike na kitenge, tumzike mzee. Nililia, ndugu msomaji, sikufichi. Nililia kama mtoto.

Kisha watu wakatoka kwenda uani kwa sala. Nikachukua brashi. Tatu, ukiifunga tundu la juu, inakuwa tisa.

Njiani kuelekea makaburini mvua ikateremka. Kitenge kikashikamana na rangi, rangi ikashikamana na bega langu, maana nilikuwa nabeba mbele. Tulipotua sanduku, tisa ilikuwa juu ya shati langu jeupe, imegeuka nyuma mbele. Kila mtu aliiona. Bernardine akasema polepole: hata leo, Baba Irakoze?

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Gratien amepita. Kituo chetu, minye nina kura moja. Nilimshukuru Domitille. Akasema asante hiyo nijipe mwenyewe. Tangu maziko analala kwa Bernardine.

Leo nimekwenda kaburini. Nimepiga magoti kwenye matope, nimemwomba baba msamaha, nimemwomba Mungu anionyeshe kosa langu. Amenionyesha, asifiwe! Kosa ni rangi. Ilikuwa rangi ya maji. Ya mafuta isingetoka.

Uchaguzi wa jimbo unakuja. Kitanda chetu cha ndoa ni mvule mtupu, kipana, na upande mmoja haulaliwi tena.

Weye unayesoma, salimia wa kwako wote. Na unijibu upesi, tafadhali: kadi yako ya mpiga kura unayo?