Saa Inayolala Kifudifudi

Jumatatu, 4 Aprili 1977

Ushindi! Mzee Mika, mpiga kengele wetu, amehamia Iringa kwa binti yake, miguu imekataa. Wazee wa kanisa wamenichagua mimi, Anania, kuamsha kijiji siku ya Pasaka. Asukile anasema wamenipa kwa sababu yeye anapuliza tarumbeta na hawezi kufanya kazi mbili. Wivu tu.

Kazi yenyewe si mchezo. Naamka kabla ya wote, nagonga rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mkaratusi wa kanisa, tarumbeta zinazunguka nyumba kwa nyumba, kisha watu wote tunakwenda makaburini kulingojea jua la ufufuko. Kila mwaka ushirika wa kanisa la ng'ambo ya bonde hutuwahi. Tarumbeta zao zinalia sisi tukiwa bado tunatafuta viatu. Halafu mwaka mzima sokoni wanatusalimu kwa kutupa pole ya usingizi.

Mzee Lutengano, mkuu wa wazee, hakufurahi. Alisema mbele za watu kwamba tangu nizaliwe jua halijanikuta nje ya nyumba. Uongo! Mwaka ule wa Mwenge lilinikuta. Baadaye akanivuta pembeni. Nikilala Pasaka hii, hata njia ya kwake niisahau. Nikiamka, tutazungumza.

Mzee Lutengano ndiye baba yake Tusajigwe, binti ninayetaka kumwoa. Tutazungumza! Sijala chakula cha jioni kwa furaha.

Jumatano, 6 Aprili

Chimala na kurudi, juu ya lori lililokwenda kuchukua mchele. Kwapani, jogoo wa mama. Mama nilimwambia jogoo anakohoa, nampeleka kwa bwana mifugo.

Nilimpeleka kwa Nkuba, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake. Nkuba ana saa ya mezani yenye kengele, aliyopewa na fundi mmoja wa reli. Yeye haihitaji, ng'ombe wanamwamsha. Ndani ya kioo kuna kuku wa kuchora anayedonoa kila saa inapogonga, tiki, tiki. Nilimpenda papo hapo. Nkuba, mtu mwaminifu, akanionya: saa hii inatembea ikilazwa kifudifudi tu. Ukiisimamisha inasusa.

Nikasema hiyo ndiyo saa ya Mkristo, inasali kifudifudi. Nimetoa jogoo mmoja mwenye kelele, nimepata kuku mmoja mwenye akili. Nani kapunjwa?

Alhamisi, 7 Aprili

Jaribio la kwanza. Saa niliiweka chini ya mto. Ililia, nimeambiwa. Sikusikia kitu.

Jaribio la pili, mchana, ndani ya debe tupu. Hapo ilisikika! Mama alitoka nje mbio akidhani paa linaanguka. Jirani alikuja na panga. Mimi niliamka wa tatu. Maendeleo makubwa.

Bahati mbaya mama aliuliza habari za jogoo. Bahati mbaya zaidi, mtaa mzima uliuliza. Kumbe huyo jogoo ndiye aliyekuwa akiwaamsha wote, na leo watoto wamechelewa shule na mwalimu wao amechelewa zaidi. Hata Asukile alilala hadi umande ukakauka! Sikujua kulia au kucheka. Nikacheka. Mama akachukua mwiko.

Jioni alikubali kuiangalia saa. Akaisimamisha, akamtazama kuku akidonoa mara mbili, kisha kuku akasusa. "Na huyu wako," akauliza, "anataga?"

Jumamosi, 9 Aprili

Kesho! Mzee Lutengano anataka kengele saa kumi alfajiri. Nimetegesha kengele ya saa hapo hapo. Lakini najijua. Kwa siri nimesogeza mishale mbele kwa saa nzima, ili nikidhani nimechelewa, niwe nimewahi. Akili hii sijui nimeirithi wapi. Si kwa mama.

Tusajigwe alileta maziwa ya mgando. Nilimwacha jikoni na mama, nikaenda kanisani kukaza kamba ya rimu. Niliporudi wote wawili walikuwa wananitazama kwa huruma, kama ng'ombe anayekwenda mnadani. Tusajigwe akaniambia, "Kaka Anania, lala mapema, tafadhali." Sauti ilikuwa inatetemeka. Ananipenda! Nimelala na koti, buti, na suruali yangu ya bugaluu, pana miguuni.

Jumapili ya Pasaka, 10 Aprili, jioni

Ushindi! Ushindi mara tatu!

Saa ilinguruma ndani ya debe. Nikaruka, nikatia saa kotini na shuka begani. Nikakimbia hadi kanisani, nikaigonga ile rimu mpaka mikono ikafa ganzi. Tarumbeta zikaitika. Kijiji kizima kikamiminika makaburini na mablanketi na taa za chemli. Hakuna aliyebaki nyuma. Mzee Lutengano alinipita akatikisa kichwa kwa mshangao. Nilijiona mrefu.

Giza lilikuwa zito kidogo. Nyimbo zikaisha. Tukaanza upya. Zikaisha tena. Ndipo mchungaji akawasha kiberiti, akaangalia saa yake ya mkono, akaiweka sikioni, akaitikisa. Ilikuwa saa nane ya usiku.

Naomba niandike ukweli: waligeuka wote kunitazama. Asukile alisema kwa sauti kwamba mwaka huu hata Bwana mwenyewe hajaamka. Tusajigwe aliziba uso na khanga. Nilitamani ardhi ipasuke, na pale mahali palikuwa pazuri kwa kazi hiyo.

Lakini! Ng'ambo ya bonde, kengele! Kengele ya watu waliochanganyikiwa. Walisikia tarumbeta zetu wakadhani wamelala. Taa zikawa zinakimbia huku na huku, mlango ukabamizwa, tarumbeta moja ikalia kama ndama aliyekanyagwa. Wamechelewa! Wao! Watu wetu waliruka. Mzee Lutengano alicheka hadi kofia ikaanguka. "Anania, mwanangu," alisema. Mwanangu!

Kurudi kulala haikuwezekana tena. Tukiondoka, ng'ambo watasema tumeshindwa na baridi. Wao nao walikuwa makaburini kwao, hawathubutu kuondoka kabla yetu. Basi tukabaki, huku na kule, makanisa mawili, manyunyu yakitupiga, tukiimbiana beti kwa beti kwa hasira takatifu.

Nilipata wazo. Nikaisahihisha saa yangu kwa saa ya mchungaji, nikaitegesha kabla kidogo ya jua kuchomoza, nikaitia kifudifudi ndani ya koti. Nikajilaza kando ya kaburi la bibi, nikajifunika shuka jeupe gubigubi. Bibi alinipenda, hatajali. Nilitaka kufumba macho tu.

Yaliyofuata nimesimuliwa, isipokuwa mwisho. Mbingu ikaanza kupauka. Mchungaji akafungua kitabu, akasoma pale malaika anaposema hayupo hapa, amefufuka. Na kando ya kaburi la bibi kengele ikalia, na mimi nikainuka na shuka langu.

Sijawahi kuona makaburi yakiwa matupu kwa haraka hivyo. Mchungaji alidondosha kitabu. Asukile aliacha tarumbeta, akaacha na kiatu, akaonekana mara ya mwisho kwenye shamba la ngano. Mtu mmoja tu hakukimbia: Mzee Lutengano. Alisimama wima ameegemea fimbo, kama nguzo. Watu waliporudi wakicheka na kulia, jua likiwa limechomoza, walimsifu. Imani gani hiyo! Hakutikisika!

Mimi nilikuwa karibu naye. Mzee Lutengano alikuwa amelala fofofo. Alikuwa anakoroma.

Nikamgusa kiwiko kabla hawajafika.

Jumatatu, 11 Aprili

Ng'ambo wametuma salamu. Wanasema tangu kanisa lao lijengwe hawajasikia shangwe kama ile tuliyopiga jua lilipochomoza. Hatukuwasahihisha.

Mama amekiri. Alisogeza mishale mbele saa nzima, kwa kuwa ananijua. Tusajigwe naye, bila mama kujua, akaisogeza mbele kwa saa moja zaidi. Wanawake wawili wameniongezea saa kwa mapenzi! Nimewasamehe. Mama akasema hakuomba msamaha.

Jioni Mzee Lutengano aliniita. Alizunguka sana. Habari za mvua, habari za pareto, habari za Chama kipya. Kisha akauliza, akitazama viatu vyake, niliona nini kule makaburini. Nikasema niliona mzee akiomba, amefumba macho. Alishusha pumzi ndefu. Akasema wazee wangu waje Jumamosi. Alfajiri, akaongeza, maana yeye hapendi watu wa kulala. "Ndaga," nikamshukuru kwa kilugha chetu, kwa adabu zote.

Ijumaa, 15 Aprili

Mama alinituma Chimala nikamkomboe jogoo, akanipa matetea wawili wa kubadilishana. Nkuba alikuwa tayari. Jogoo alikuwa tayari, na mnene. Lakini Nkuba alikuwa na saa ya pili! Nayo ina kuku. Hii inatembea ikisimama tu, ukiilaza inasusa. Matetea bila jogoo wana faida gani? Nikawatoa, nikachukua saa.

Sasa nina saa mbili. Moja hulala, moja husimama. Haziwezi kunikosa zote. Nimezisogeza mbele kidogo, na mama nimemkataza kuzigusa. Hanisemeshi, kwa hiyo naamini amekubali. Nimeziweka vizuri ndani ya debe. Kesho nakwenda kuposa!

Jumamosi, 16 Aprili

Nimeamka. Jua liko juu ya paa. Nyumba kimya. Nikafunua debe. Ile ya kulala niliisimamisha. Ile ya kusimama niliilaza. Kuku wote wawili wamesimama na midomo juu.

Nililia. Naandika wazi, nililia, nimekaa kitandani na bugaluu yangu.

Saa tano hivi wajomba wakarudi na mama, wakiimba. Wamekubaliwa! Nikauliza vipi, na mimi sikuwepo? Mjomba Yotamu akanishangaa. Tangu lini kijana anakwenda kwenye posa yake mwenyewe? Mzee Lutengano aliuliza niko wapi, mjomba akasema nimebaki nyumbani kwa heshima. Mzee akanisifu sana. Amesema kijana anayejua kufunga mdomo na kubaki kwake ni adimu. Tusajigwe alipopita na chai alikuwa anacheka peke yake.

Zile saa! Zilijua! Kama zingelia ningekwenda, na ningeharibu kila kitu. Nimezipangusa vumbi kwa shuka.

Ndoa ni Agosti, ibada ya kwanza ya asubuhi, amri ya Mzee Lutengano. Hapo lazima niwepo, nimeuliza mara mbili. Lakini siogopi. Nkuba anasema anaweza kupata saa ya tatu, inayotembea namna zote. Kuku hataki tena. Anataka mbuzi.

Mama ana mbuzi mmoja. Leo nimemsikia akikohoa.